Jibu: Mto unaopita shambani unaweza kuendesha mashine ya kukoboa?

Mkuu, umesema mto wako huko Mtama una upana wa mita 5, maji yanafika magotini, na masika unabeba magogo. Unataka kujua kama ukiweka tabo, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na maji, utaendesha mashine ya kukoboa. Mimi niko Masasi, chini kabisa ya uwanda wa Makonde, na jambo hili limenila pesa na miaka mitatu, kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu.

Pima mwendo wa maji kwanza. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10 kando ya mto, tupa chungwa katikati. Chungwa ni zuri kwa sababu linazama nusu, upepo haulisukumi. Rudia mara tano, uchukue wastani. Tuseme linatumia sekunde 16: ni kama mita 0.62 kwa sekunde. Lakini huo ni mwendo wa juu. Chini na pembeni maji yanajikokota, kwa hiyo zidisha kwa 0.8, unabaki na mita 0.5 kwa sekunde. Upana mita 5 mara kina cha wastani mita 0.4 unakupa mita 2 za mraba. Basi kila sekunde inapita mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000.

Lita 1,000 kwa sekunde! Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Nguvu iliyomo kwenye maji yanayokimbia ni nusu ya uzito wa maji hayo mara kasi, mara kasi tena. Ukikokotoa, mto wako mzima una wati 125 tu. Na huwezi kuzichukua zote, maana ukiyanyang'anya maji mwendo wote yatasimama na kuziba njia. Mjerumani Albert Betz alishakokotoa kwamba mapanga ya tabo yaliyo wazi mtoni hayawezi kuvuka asilimia 59 ya nguvu hiyo. Sisi wa kuchomelea mtaani tukipata theluthi tushukuru. Hizo ni wati 40 hivi. Mota ya kukobolea ya hosipawa 10 inataka kama wati 7,500.

Kasi ndiyo inayoamua. Sehemu ileile ya mto kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Ndiyo maana mto mpana uliotulia hauna kitu, hata ukitisha kwa macho.

Sasa chukua lita zilezile 1,000, uziangushe mita 2. Hesabu yake ni nyepesi: lita kwa sekunde, mara mita za kuanguka, mara 9.81, unapata wati. Zinatoka karibu 19,600. Kata nusu kwa ajili ya bomba, tabo na jenereta, unabaki na kama kilowati 10. Mashine inakoboa. Hata kule Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lina ukuta wa mita 131 ili maji yapate pa kuangukia. Kwa hiyo swali lako la kweli ni hili: kuna mteremko kiasi gani kati ya juu na chini ya shamba lako? Tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa mafundi ujenzi, ujaze maji na upime hatua kwa hatua.

Kilichoniumiza mimi ni tarehe. Nina chemchemi inayotoka chini ya uwanda. Nilipima mwezi Machi: nikaziba kwa viroba vya mchanga, nikakunja bati kama mfereji, maji yote yakaingia kwenye pipa la lita 200. Lilijaa kwa sekunde 11, yaani lita 18 kwa sekunde. Mteremko mita 7. Nusu ya hesabu ikanipa wati 600 na kitu, nikanunua tabo na jenereta ya kiasi hicho. Oktoba, watu wakiokota korosho, pipa lilelile lilijaa kwa sekunde 40. Lita 5. Nusu yake ni wati 170, na ile tabo kubwa kwa maji yale ilizunguka kivivu, haikufika hata hapo.

Bomba nalo lilichukua haki yake. Niliweka la inchi 4, mita 40, nikafunga geji chini. Koki ikiwa imefungwa inasoma baa 0.7, na kwa kuwa baa moja ni kama mita 10 za maji, hizo ni mita 7. Masika nikifungua yote inashuka kwenye 0.5. Mita 2 zimeliwa na msuguano.

Nikauza ile tabo, nikaweka ndogo ya maji ya Oktoba. Inatoa wati 150 usiku na mchana, na kwa saa 24 hizo ni uniti 3.6. Taa, simu, redio na friji dogo la mama watoto vyote vinakwenda, betri ikisaidia jioni.

Kabla hujaziba chochote, ulizia kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, maana walio chini yako nao wanayategemea. Halafu usinunue kitu mpaka mwisho wa kiangazi. Oktoba shuka na chungwa na mpira wako, uje hapa na upana, kina, sekunde za chungwa na mita za mteremko, tukae tupige hesabu pamoja.