Vidonge baada ya baipasi: nilivyovificha mpaka nikaanguka Kilombero

"Dada, nina miezi mitano tangu nipasuliwe. Nilikuwa kilo 118, sasa nipo 87, nguo zote za zamani nimegawa. Ila hivi vidonge vya vitamini na madini vimenichosha. Kwani nikiviacha nitakufa?"

Ujumbe huo uliingia Jumanne usiku, kutoka kwa dada wa Usa River ambaye hata sura simjui. Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka, maana swali hilohilo nilijiuliza mwaka 2021 nikiwa nyuma ya kaunta ya duka langu la madaftari, na jibu nililojipa lilikuwa: sifi. Na kweli sikufa. Nilianguka tu, katikati ya soko la Kilombero hapa Arusha, kichwa kwenye sado ya nyanya za watu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilifanyiwa baipasi ya tumbo, ule upasuaji wa kupunguza uzito, mwaka 2019, Dar es Salaam. Niliuza kiwanja changu cha Bomang'ombe kulipia, na sijawahi kukililia. Nilikuwa na kilo 131. Kwenye daladala watu walisogea kabla sijakaa, na konda mmoja wa Ngaramtoni aliwahi kunidai nauli ya siti mbili, abiria wakacheka, na mimi nikacheka nao ili yaishe. Baada ya miezi kumi na minne nilikuwa na kilo 78. Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilipendeza.

Sisi wa Arusha hatuhitaji somo refu kuielewa baipasi. Tunayo yetu, ile barabara ya kilomita 42 kutoka Ngaramtoni mpaka Usa River. Zamani lori likitoka Namanga lilipita Sakina, na mama lishe alijua dereva atashuka ale. Siku hizi lori linazunguka huko nje na sahani za mama lishe zinabaki zimefunikwa. Ndivyo nilivyofanyiwa. Tumbo liliachiwa kipande cha kutosha yai moja, chakula kikaelekezwa moja kwa moja kwenye utumbo wa mbele zaidi, na ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ambayo ndiyo mteja mkubwa wa madini ya chuma na kalsiamu, haioni tena lori likipita. Vitamini B12 nayo inahitaji asidi ya tumboni na kitu kingine ambacho tumbo hukitengeneza ili ifyonzwe, na tumbo lenyewe limewekwa pembeni. Kwa hiyo unaweza kula maini na dagaa kwa bidii na damu bado ikapungua. Wenzangu ambao tumbo lilikatwa likabaki kama ndizi, njia yenu haikubadilishwa, lakini msijitoe. Vidonge vinawahusu.

Siku ya kuruhusiwa nesi alinipa karatasi ya dawa akasema, "Hizi ni za maisha, mama." Nikaitikia "sawa" kama mtu anavyoitikia "amina" mahubiri yakiwa marefu.

Mwaka wa kwanza nilimeza vizuri. Kisha ikaja Desemba ya 2020.

Mume wangu ni wa Kibosho, na mnajua Desemba ya Wachaga. Tulipanda na watoto, na mkoba wangu ukakaa chumbani kwa mama mkwe pamoja na mikoba mingine. Upasuaji wangu aliujua mume wangu peke yake. Nilikuwa nimewaambia wengine nafanya mazoezi na kunywa maji ya ndimu, na hilo ni kosa langu, nalikiri. Wifi yangu akaingia kutafuta chaja, akakuta kopo jeupe la kalsiamu. Nilikuwa mlangoni, nilimwona. Alilishika kwa vidole viwili, akalitikisa karibu na sikio. Chaka-chaka-chaka.

"Wifi, unakunywa dawa gani?"

"Vitamini."

"Aha." Akalirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. "Wote huwa wanasema vitamini."

Mwanamke amepungua kilo hamsini, ana makopo, hataki kusema. Mpaka Krismasi inaingia, ukoo mzima ulikuwa umeshajua kwamba nimekanyaga miwaya, yaani nina virusi vya Ukimwi. Hakuna aliyenitukana, na hicho ndicho kilichoniuma. Shangazi mmoja wa mume wangu alinifuata migombani, akanishika mikono yote miwili akasema, "Siku hizi watu wanaishi, mwanangu. Usikate tamaa." Nilisema asante shangazi. Ningesema nini?

Na hata zingekuwa ndizo dawa hizo, kosa lingekuwa liko wapi? Nawajua watu wanaomeza ARV kila siku saa tatu kamili usiku, wana afya, wanasomesha watoto. Wananishinda nidhamu mara kumi. Lakini wakati ule sikuwa na akili hiyo. Nilikuwa na aibu tu.

Tuliporudi Arusha nikatupa makopo yote. Vidonge nikavimimina kwenye bahasha moja ya kaki, vyekundu na vyeupe pamoja, nikaificha dukani chini ya droo ya pesa. Kwa kuwa siwezi kufungua bahasha mbele ya wateja, nikawa navimeza mara moja tu, jioni nikishafunga duka, vyote kwa mkupuo, na kikombe cha chai ya maziwa ili nimalizane navyo. Halafu ikawa siku moja moja navisahau. Halafu bahasha ikaisha, sikununua nyingine. Nilijisikia vizuri! Hapo ndipo tunapodanganyika wengi. Ini lina akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo ukiacha leo hakuna kengele inayolia kesho.

Kwangu kengele ya kwanza ilikuwa barafu. Jirani yangu ana friji ya soda, nikawa naenda kumkwangulia barafu na kijiko, natafuna kutwa. Barafu ikanichosha nikahamia kwenye udongo, ule wa vijiti wanaouza sokoni. Nilikuwa na miaka 41, sina mimba, nanunua udongo wa mia tano asubuhi na wa mia tano jioni, na mkoba wangu unanuka mvua ya kwanza. Hamu ya namna hiyo mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unazidi kuyazuia yasifyonzwe. Sikujua. Ulimi ukawa mwekundu na laini, pilipili haipiti. Nyayo zikawa na ganzi, kama nimevaa soksi wakati sijavaa. Mteja akinipa elfu kumi namrudishia chenji mara mbili.

Nilipoanguka, 2022, mama wa nyanya alinimwagia maji akapiga kelele watu wanipishe hewa. Nyanya zilizopondeka hakunidai, Mungu ambariki. Hospitalini damu ilikuwa 6.8.

Daktari, kijana mdogo tu, akaniuliza kama natumia vidonge vya damu. Nikasema nilikuwa natumia.

"Na nini?"

"Na chai."

"Na kalsiamu je?"

"Pamoja, daktari. Nimalizane navyo."

Akaweka kalamu chini. Nilichoambiwa siku ile nimekishika kuliko amri kumi: chuma na kalsiamu hugombania mlango mmoja, ukivipeleka pamoja chuma kinabaki nje. Chai na kahawa zinakizuia vilevile. Yaani hata zile siku nilizokuwa mwaminifu, sehemu kubwa ilipotea bure. Nikawekewa dripu ya madini ya chuma, nikachomwa sindano za B12. Damu ilipanda. Ganzi iliondoka karibu yote, isipokuwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, mpaka leo ninapoandika.

Sasa dada yangu wa Usa River, nakujibu.

Tenganisha. Kama hutashika kingine, shika hilo. Mimi saa kumi na mbili asubuhi nameza chuma kwa maji na kipande cha chungwa, maana vitamini C inakisaidia, na chai naigusa baada ya saa nzima au zaidi. Saa nne kalsiamu. Saa saba, baada ya chakula, multivitamini. Saa kumi na moja kalsiamu tena, na ya mwisho saa tatu usiku. Kati ya chuma na kalsiamu ziwe saa mbili au zaidi, na multivitamini yenye chuma ihesabu upande wa chuma. Kalsiamu inagawanywa hivyo kwa sababu mwili hauwezi kupokea zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mara moja, na sisi tunahitaji 1,200 mpaka 1,500 kwa siku. Chuma kwa mwanamke anayeona siku zake ni miligramu 45 mpaka 60. B12 mimi nachoma sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, kwa kuwa najijua. Vitamini D usiiache, na kipimo chake kitoke kwa daktari wako. Vyako vyote avipange yeye, mimi nasimulia vyangu.

Ukienda dukani uliza kalsiamu ya sitreti, inafyonzwa hata pasipo asidi. Nilizunguka maduka manne mjini kabla ya kuipata. Ukikosa, ile ya kaboneti meza pamoja na chakula. Zile vitamini za kutafuna kama peremende waachie watoto, nyingi hazina chuma kabisa. Na zile zinazouzwa kwenye magrupu, "vitamini maalum za waliopasuliwa", muulize muuzaji kama zimesajiliwa na mamlaka husika uone kama atakujibu.

Dawa za maumivu! Nusura nisahau. Diklofenaki, ibuprofeni, asprini: baada ya baipasi zinaweza kukutoboa kidonda pale walipounganisha. Ukifika duka la dawa ukasema mgongo, kijana ananyoosha mkono kwenye diklofenaki kabla hujamaliza sentensi. Mwambie umepasuliwa tumbo, akupe Panadol. Vidonge vilivyoandikwa SR au XR, vile vya kuyeyuka polepole, usivisage kamwe, na muulize daktari kama bado vinakufaa. Za presha na za sukari zipimwe upya, zangu za presha zilipunguzwa ndani ya miezi miwili. Ukitapika siku kadhaa mfululizo usikae nyumbani, na kabla hujatundikiwa dripu ya glukosi waambie umepasuliwa, upewe vitamini B1 kwanza. Hilo linagusa ubongo, silitanii. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo havitegemeki sana baada ya baipasi, na mimba inashauriwa isubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu.

Pima damu kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, baadaye angalau mara moja kwa mwaka. Usipime wingi wa damu tu, omba na feritini (kipimo cha akiba ya chuma), B12, vitamini D na kalsiamu. Na usiniambie kisusio, ile supu ya damu ya Wachaga, kinatosha. Nakipenda kisusio, lakini tumbo langu linapokea vijiko vitatu.

Jamani, tuache kuficha. Tunaficha kisu, tunaficha kilo, tunaficha makopo, halafu tunashangaa mwili umetuaibisha hadharani sokoni. Mtu aliyeuza kiwanja ili aishi anaona haya kumeza kidonge mbele ya wifi! Weka makopo mezani. Atakayeuliza mjibu. Atakayesema, aseme, mdomo ni wake na damu ni yako. Na tenganisha chuma na kalsiamu, nimeshasema, narudia.

Desemba iliyopita nilipanda Kibosho na kikasha cha vyumba saba, nikakiweka katikati ya meza karibu na chupa ya chai. Mama mkwe akavaa miwani akavikagua kimoja kimoja. "Hivi vyekundu ndivyo vya damu?" Ndiyo mama. Tangu hapo kila ikifika saa kumi na moja jioni ananiita kwa sauti mpaka majirani wanasikia: "Mama Neema, kalsiamu!"

Wifi hajawahi kuniomba radhi. Ila mwezi uliopita alinipigia, akauliza hali ya watoto, akauliza mvua, akauliza biashara. Kisha akashusha sauti. "Wifi, hivi ule upasuaji wako ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia achukue kalamu, nianze na bei ya vidonge kwa mwezi. Nikamtajia kimoja kimoja, na saa zake. Tulipofika kwenye kalsiamu ya saa tatu usiku akasema chaji inaisha, atapiga baadaye.

Bado hajapiga.