Mdudu haoti kwenye sahani ya maabara

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa maabara ya tiba, Dodoma. Katika ripoti ya mafunzo kwa vitendo niliandika hivi: "Wadudu walioota kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa waliainishwa kuwa ni Escherichia coli." Msimamizi wangu alikata neno "waliainishwa", akaandika juu yake "walibainishwa", na hakueleza sababu. Naomba kujua kama kweli nilikosea.

JIBU: Ulikosea, ndugu yangu, na msimamizi wako alisahihisha vyema, ila kalamu yake ilikata neno lenye kosa dogo ikaliacha salama lenye kosa kubwa. Nianze na lile dogo. Kuainisha kumetokana na aina: ni kuvipanga vitu vingi katika makundi yao. Kubainisha ni ndugu wa bayana: ni kukiweka kitu wazi mpaka kijulikane kuwa ni hiki wala si kile. Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmaki, alipochapisha mwaka 1884 njia yake ya kupaka bakteria rangi, alitupa chombo cha kuainisha, kwa kuwa wanaobaki na zambarau baada ya kuoshwa kwa spiriti huwekwa upande mmoja, na wanaoipoteza rangi hiyo wakashika wekundu huwekwa upande wa pili. Wewe hukupanga makundi. Ulikuwa na mkojo wa mgonjwa mmoja, ukathibitisha kilichomo. Huko ni kubainisha.

Sasa turudi mwanzo wa sentensi yako, kwenye neno ambalo limenikera kwa miaka mingi na ambalo naliona kila siku katika karatasi za majibu: "wadudu". Tena wewe umeliweka ubavuni mwa kitenzi kinacholikataa. Umeandika "wadudu walioota". Mdudu haoti. Huota mbegu, huota jino, huota ndevu, na uyoga huota baada ya mvua. Mdudu hutaga mayai, huanguliwa, hutambaa, huruka, huuma. Dudu liumalo silipe kidole, walisema wazee, na dudu la methali hiyo lina mdomo na unaliona likija.

Watu wa maabara walipochagua neno "kuotesha" walichagua kwa akili nzuri, na ningependa ulitazame neno hilo likiwa kazini. Fundi huchovya kitanzi cha waya kwenye mkojo, akakipitisha juu ya rojo la agari lililoganda sahanini, kwa mistari, kama mtu apandaye mtama. Sahani huingizwa kwenye kabati lenye joto la nyuzi 37. Asubuhi ya pili, kama rojo ni lile liitwalo MacConkey, juu yake huwa yamechipuka madoa ya mviringo yenye rangi ya waridi, rangi inayojitokeza kwa sababu bakteria hao huchachusha sukari ya maziwa. Fundi huyahesabu madoa, na kwa desturi ya miaka mingi, hesabu ikifika bakteria 100,000 kwa mililita moja ya mkojo, huhesabiwa kuwa ni maambukizi na si uchafu ulioingia kwenye kikopo. Kisha huchota doa moja, huliotesha tena katika mchuzi wa lishe, hudondoshea kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, na hungojea pete nyekundu ijitokeze juu. Ni baada ya hayo, pamoja na vipimo vingine vya kuthibitisha, ndipo anapopata haki ya kuandika jina Escherichia coli.

Mtu aliyefanya kazi hiyo yote, siku mbili nzima, akaandika kwenye jibu "wadudu wameonekana", amepepeta nafaka kisha akairudisha kwenye pumba. Kazi yote ya maabara ni kutenganisha. Neno "wadudu" linachanganya upya. Ndani yake wamo bakteria wa mkojo, vimelea vya malaria, minyoo, fangasi, na hata virusi, ambavyo havionekani kwa hadubini ya kawaida. Mgonjwa wa malaria huambiwa ana "wadudu watatu", wa kifua kikuu ana "wadudu kwenye makohozi", na wa kidonda ana "wadudu kidondani", naye huyu wa mwisho anaweza kuwa na funza wa kweli, hivyo usijue kama anahitaji kibano au antibayotiki.

Kuna mahali ambapo mkorogo huu unaweza kuua. Homa ya papasi iliwahi kuchunguzwa katika ardhi yetu hii na Robert Koch mwenyewe, yule aliyetangaza mjini Berlin mwaka 1882 kwamba amekipata chanzo cha kifua kikuu. Papasi hukaa katika nyufa za nyumba ya udongo, na kwa Kiswahili cha nyumbani ni mdudu. Ndani yake mna bakteria aitwaye Borrelia duttonii, ambaye jina lake ni kumbukumbu ya Joseph Everett Dutton, aliyefariki Kongo mwaka 1905 akiichunguza homa hiyo hiyo. Sasa niambie: "wadudu wa homa ya papasi" ni akina nani? Na tauni, iliyowatesa watu wa Lushoto kuanzia mwaka 1980, ina panya, ina kiroboto na ina bakteria Yersinia pestis. Ukiua panya kabla ya viroboto, viroboto wanaobaki bila panya huwarukia watu. Mtaalamu anayewaambia wanakijiji "tunaua wadudu" ni lazima ajue, nao wajue, kama anazungumzia dawa ya kunyunyizia sakafuni au ya kumeza.

Najua nitakachojibiwa, kwamba watu wamezoea. Ni kweli, na mazoea yenyewe ni ya zamani: uvimbe wenye usaha unaoshika ncha ya kidole uliitwa mdudu wa kidole kabla ya yeyote kati yetu kuona hadubini. Jina hilo silipingi, wala siwezi kumsahihisha bibi anayesema jino lake limeliwa na mdudu. Lugha ya nyumbani ina haki zake. Lakini shangazi yangu aliwahi kutoka kituo cha afya na karatasi iliyoandikwa "wadudu ++" na maelezo ya mdomo yasiyozidi hayo: "Mama, una wadudu kwenye mkojo." Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya kwa Kiswahili alichopewa: alipita duka la dawa akanunua dawa ya minyoo, akaimeza, akalala. Baada ya juma moja tulimrudisha akiwa na homa na maumivu ya ubavuni, maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Shangazi alikielewa Kiswahili barabara. Aliyeandika ndiye hakukitumia.

Maneno tunayo. Ukitaka jina la jumla kwa visababishi vya magonjwa, kuna vimelea, neno lililozaliwa na mea kupitia melea, yaani kuota juu ya kitu kingine, na ndiyo maana linakaa vizuri na kuotesha. Wizara ya afya nayo inazungumzia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. "Vijidudu" naivumilia katika somo la watoto wa msingi, kwa shingo upande. Ukishajua ni kundi gani, taja: bakteria, fangasi, virusi. Bakteria ni neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kijiti, lilishikwa na wataalamu katika karne ya 19 kwa sababu ya umbo la wale wa kwanza kupewa jina hilo, na kwetu halibadiliki katika umoja na wingi. Kwa kuwa ni kiumbe hai, mpe upatanisho wa kiumbe hai: bakteria huyu, bakteria hawa. "Bakteria hizi" na "mabakteria" yaache.

Basi sentensi yako iandike hivi: "Bakteria walioota kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa walibainishwa kuwa ni Escherichia coli." Neno la kwanza la jina hilo lianze kwa herufi kubwa, kwa kuwa ni jina la jenasi, yaani kundi la viumbe wa karibu, nalo limetokana na jina la Theodor Escherich, aliyemweleza bakteria huyo mwaka 1885, la pili lianze kwa herufi ndogo, na yote mawili yaandikwe kwa mlazo.