Mwulize Mwalimu: Kisahani Kimeishia Kwenye Kabichi

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba nikipanda Lushoto kwa mdogo wangu hubeba visahani vyangu vya kurusha kwenye kikapu cha ukili, chini ya samaki wakavu. Sikujua kama wenzangu ni wengi. Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: gofu ya visahani haina fimbo wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki kutoka pa kuanzia, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye kapu la chuma lenye minyororo. Safari hiyo moja, toka pa kuanzia hadi kapuni, ndiyo tunaiita shimo. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Barua nne nimezijibu. Yule aliyeuliza kama visahani vyangu vinauzwa, haviuzwi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu watatu tumejitengenezea mashimo tisa mlimani, tunalenga ndoo na miti. Shida ni shimo la nne, la kushuka. Nikirusha, kisahani kinaning'inia hewani, kinakwenda kushoto, kikigusa chini kinasimama wima na kubingiria hadi kwenye kabichi za watu. Wenzangu wanasema sina nguvu. Niongeze?*
*Kijana wa juu ya Lushoto mjini*

Marahaba, mwanangu. Hao wenzako wasikuharibie bega. Shimo la kushuka halitaki nguvu, linataka pua ya kisahani, yaani ukingo wake wa mbele, iangalie chini. Najua kinachokupata: unasimama pale juu, unaliona bonde lote, mkono unaingiwa na tamaa, unarusha bapa kama uko katikati ya uwanja wa Mkwakwani. Kisahani kinakwenda mbele huku ardhi inakimbia chini yake. Kinakaa hewani muda mrefu kuliko ulivyozoea, na mwendo ukikiishia ndipo kinapoanza kushika kushoto. (Nazungumzia mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kupitisha mkono kifuani. Kisahani chake huzunguka kama mishale ya saa na humalizia kushoto. Wa mkono wa kushoto ageuze maneno yangu.) Kwenye tambarare, kule kushoto ni hatua tatu nne. Kwenu, ni shamba zima.

Inamisha mwili wote ufuate mteremko. Bega la mbele liwe chini ya bega la nyuma, na mkono upite kwenye mstari huohuo wa kushuka. Ukikunja kifundo cha mkono peke yake utakipiga chini hatua kumi mbele yako, nimefanya hivyo mbele ya watoto wa shule nzima. Mbio za kuanzia ziache. Hatua moja inatosha, maana udongo ule mwekundu ukishalowa ukungu wa asubuhi ni sabuni. Tena chukua kisahani kigumu kugeuka hewani, si kile chepesi kugeuka unachokipenda, kwa sababu kikishuka kinazidi kushika kasi, na chepesi kugeuka kitakugeukia kulia kabla hakijakumbuka kurudi. Kwa shimo la kupanda ni kinyume chake: bega la mbele juu, kisahani chepesi kugeuka, na usikubali pua iinuke kupita mlima wenyewe, la sivyo kitasimama hewani na kukuangukia karibu na miguu.

Sasa kubingiria, maana hapo ndipo mlima unapowala watu. Kabla hujarusha, shuka kwa miguu ukapaangalie pa kutua. Kisahani chako kinafika kimeinamia kushoto. Kama pale ardhi nayo inateremka kuelekea kushoto, kitalala juu yake kama chapati kwenye kikaango, kitateleza kidogo, kitakaa. Kama ardhi inapanda kuelekea kushoto, ukingo wake unachoma udongo, kinasimama wima, na safari imeanza. Kwa unavyoeleza, nahisi kushoto kwa kapu lenu kuna kingo za matuta au ukuta wa barabara. Kama ni hivyo, jifunze mrusho wa kiganja, ule wa kutupa jiwe lirukeruke juu ya maji. Huo kwako humalizia kulia, na huko kulia ardhi inashuka pamoja nacho.

Mimi nililipa ada ya somo hili. Mwaka juzi, chini ya barabara iendayo Irente, nilirusha kisahani changu cha bluu vizuri kabisa, kikatua hatua sita kutoka kwenye mti tuliokuwa tunaulenga. Nimeshaanza kutabasamu. Kikainuka taratibu, kikayumba kama ringi ya baiskeli iliyoachwa na mtoto, halafu kikapata njia. Kilivuka kichaka, kikavuka mfereji, mtoto mmoja mwenye mzigo wa kuni akakipisha kwa adabu. Sikukiona tena. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, na kile kisahani kiliufuata neno kwa neno.

*Mwalimu, salaam. Nafanya mazoezi jioni ufukweni Raskazone, Tanga, na kisahani changu kinanyooka kama uzi. Nilipanda Lushoto kwenye harusi, kisahani kilekile kikawa kinaanguka mapema, tena kushoto. Kimeharibika?*
*Wa Ngamiani*

Hakijaharibika. Nikuulize kwanza: hapo Raskazone unarusha ukiangalia baharini? Jioni upepo unatoka baharini, kwa hiyo unarusha dhidi yake, na kisahani kinaona kama umekirusha kwa nguvu usizo nazo. Kinajigeuza kidogo kulia kabla ya kurudi kushoto, hayo mawili yanafutana, wewe unaona uzi. Umekuwa ukisifiwa na upepo.

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Kisahani hubebwa na hewa, na hewa hiyohiyo ndiyo inayokigeuza kulia mwanzoni. Ikipungua, kule kulia hakiendi, kinabaki na kushoto kwake tu, na kinashuka mapema.

Tazama namba nne zilizochapwa juu ya kisahani. Ya kwanza ni mwendo, kuanzia 1 mpaka 15. Ya pili ni kuelea, 1 mpaka 7. Ya tatu ni tabia ya kugeuka mwanzoni, huanzia +1 na kushuka hadi -5, na kadiri inavyoshuka ndivyo kinavyogeuka zaidi. Ya nne ni kurudi mwishoni, 0 hadi 5. Ukipanda mlimani, chukua chenye namba ya tatu iliyoshuka zaidi kuliko unachotumia pwani, kwa mfano -3 badala ya -1. Na huyo anayekuuzia cha mwendo wa 13 akisema kitafika mbali, mwambie kitafika mbali kwa mtu mwenye mkono wa kukirusha. Mimi natumia 7 na sijawahi kumwonea mtu wivu, isipokuwa siku mbili tatu.

*Shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Soni. Vijana wameniletea picha ya kapu la huo mchezo. Minyororo mingi namna ile ni ya nini, si urembo tu? Naona itaongeza gharama.*
*Fundi*

Marahaba, fundi. Minyororo ndiyo kapu lenyewe. Kisahani kinakuja kwa kasi, kikikuta bomba tupu kinaruka nyuma. Kikikuta minyororo inayocheza, kasi yote inaliwa na ule mtikisiko, nacho kinadondoka wima ndani ya kapu. Ukiikaza sana, umetengeneza ukuta. Iache ilegee, safu mbili, ya nje na ya ndani, ili kisahani kisipenye hadi kwenye bomba.

Mwenye wazo ni Ed Headrick wa Marekani, mtu aliyefanya kazi kwenye kampuni ya Wham-O iliyokuwa ikiuza frisbii. Uwanja wa kwanza wa kudumu aliupanga kwenye bustani ya Oak Grove huko California mwaka 1975, na shabaha zake zilikuwa nguzo tu. Hebu fikiria mabishano: kimegusa, hakijagusa, nimesikia mimi, hujasikia wewe. Hataza ya kapu la minyororo aliipata mwaka 1977. Minyororo ikilia, kila mtu amesikia. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Mimi nitazikwa kawaida.

Kwa gharama: ringi mbili za baiskeli, ya juu ya kuning'inizia minyororo na ya chini ya kushikilia kapu la nondo nyembamba, na bomba moja katikati. Tanga ringi kuukuu hazikosekani, mwagize mtu. Bomba lisimame wima hata kama ardhi imelala.

*Mwalimu, hujambo. Wewe ndiye unayewapa moyo hawa vijana, basi na mimi unisikilize. Nina karoti na kabichi njia ya Irente. Wanapita kwenye matuta yangu wakitafuta hivyo visahani, wanakanyaga, wakiulizwa wanacheka. Nimeviokota vitano, viko uvunguni mwa kitanda changu. Nivirudishe au nivichome?*
*Mama mwenye karoti*

Sijambo, dada yangu, na pole sana. Usivichome, moshi wake ni mbaya. Lakini pia usivirudishe bure.

Vijana, someni hapa. Mchezo huu una sheria ya nje ya mpaka, na shamba la mtu ni nje ya mpaka hata kama hamjafunga kamba. Kisahani kikiingia, unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu na unaendelea ukiwa ndani ya uwanja. Kukichukua ni kwa hodi: mmoja anaingia, kwa mfereji, si kwa tuta, wengine wanabaki nje. Kikipotea, sheria inatoa dakika 3 za kutafuta. Zikiisha, ni mrusho wa adhabu na unarudi uliporushia mwanzo. Dakika 3, si adhuhuri hadi alasiri kwenye karoti za mama wa watu.

Na shimo linaloelekeza visahani shambani kwake liwe la nne au la ngapi, geuzeni. Kapu lihamie upande wa juu wa njia, mrushe kwa kupanda. Kitakachokosea kitarudi kwenu wenyewe. Hamkai mlimani peke yenu, na ruhusa ya mdomo mliyopewa na mwenye shamba moja haimfungi jirani yake.

Dada yangu, mimi ningewadai palizi. Kisahani kimoja, tuta moja, na jembe waje nalo. Wakimaliza matano wataanza kulenga vizuri bila mimi kuwafundisha.

Ila nina ombi, na naona haya kuliomba baada ya maneno yote hayo. Hebu chungulia uvunguni. Kama kati ya hivyo vitano kuna kimoja cha bluu, kimepauka, na ndani ya ukingo wake kuna herufi Z iliyochongwa kwa msumari, nitunzie. Nitapanda Jumamosi ya mwisho wa mwezi na basi la asubuhi. Jembe nitakuja nalo.