Mjomba aliweka rehani mikorosho nikasomee ualimu, mimi nimependa ufundi friji. Nifanyeje?

SWALI: Nina miaka 25, kwetu Tandahimba. Nimemaliza stashahada ya ualimu, na ili ada ilipwe mjomba aliweka rehani mikorosho 30. Ajira bado haijatoka. Kwa sasa niko kwa fundi friji hapa Mtwara mjini, kazi nimeipenda na mkono umeanza kuizoea. Nyumbani wananiambia nirudi nisimamie shamba la ekari 5 mpaka ajira itoke. Sitaki kuacha ufundi, wala sitaki kukosana na ukoo. Muda na pesa nigawanye vipi? Na nikikubali kwenda shamba, niende miezi ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, hapo kuna madai matatu yamefungwa fundo moja, ndiyo maana yanakulemea. Kuna deni la mikorosho, kuna mikono ya kazi shambani, na kuna hofu ya wazee kwamba fundi hana mwisho wa mwezi. Ukiyajibu yote kwa kusema unaipenda kazi yako, hakuna litakalosikika. Yafungue moja moja.

Anza na rehani, kwa kuwa ndilo deni lenye jina lako. Kwa kawaida aliyetoa pesa, yaani mwenye rehani, huvuna miti mpaka arudishiwe pesa yake yote, na anachovuna hakipunguzi deni. Ukipeleka nusu, miti bado ataivuna yeye, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo muulize mjomba kwa heshima: ni kiasi gani, tangu msimu upi, na kuna maandishi? Kama hakuna, yaandikwe sasa mbele ya mtendaji wa kijiji, kila upande na shahidi wake, miti ihesabiwe na mipaka itajwe. Kisha weka akiba ya kukomboa yote kwa mkupuo, si kidogo kidogo. Muda mzuri wa kukomboa ni kati ya Februari na Mei. Ukifika Juni mwenye rehani ameshalipa palizi na ameshanunua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, naye atataka korosho za msimu huo. Hapo hata mimi singemlaumu. Na usije ukaharakisha ukombozi huo kwa pesa ya kangomba, yaani kuuza korosho nje ya mfumo rasmi. Utakuwa umekomboa miti 30 na kuuza korosho za miti mingine kabla hazijaiva, tena kinyume cha sheria.

Sasa mikono. Wazee wanaposema urudi shamba, wewe unasikia mwaka mzima. Tuuhesabu huo mwaka. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 huchukua mikorosho 28 hivi, basi ekari 5 ni kama 140. Mashamba ya zamani yamebanana zaidi, kwa hiyo hesabu miti yenu kwa kuipita mmoja mmoja. Kazi isiyosubiri mtu ni salfa dhidi ya ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga, kwa sababu ugonjwa huo hushambulia maua na machipukizi laini. Ua likishakauka, salfa ya wiki ijayo hailifufui. Kwa salfa ya unga, kipimo kilichozoeleka kwa mti uliokomaa ni robo kilo kwa awamu, awamu 5, zikipishana wiki mbili. Miti 140 ni kilo 35 kwa awamu, kilo 175 kwa msimu, yaani mifuko 7 ya kilo 25. Awamu ya kwanza hufuata maua yanapoanza kuchomoza, mara nyingi Juni au Julai. Hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga unate, na kabla upepo haujaamka. Kwa mashine moja ya mgongoni, panga alfajiri mbili kwa kila awamu. Jumla ni alfajiri 10 ndani ya miezi miwili na kidogo. Hayo ndiyo maisha ya shamba yanayokuhitaji wewe mwenyewe.

Nasema wewe mwenyewe kwa sababu salfa ni kazi ya uaminifu. Kibarua akiharakisha, au akiuza mfuko mmoja njiani, hutajua mpaka Septemba. Muulize pia mwenye rehani kama anapuliza ile miti yake 30, maana ugonjwa husafiri kwa upepo na miti isiyopulizwa itaiambukiza yenu.

Kuokota ni habari nyingine. Korosho hudondoka zenyewe kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na kazi ni ya kila siku: kuokota, kutenganisha na bibo (tunda lake), kuanika siku mbili tatu, kuchambua daraja, kujaza kwenye magunia ya juti, kupeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Hiyo unaweza kuilipia. Tena si busara kuifanya wewe, kwani miezi hiyohiyo joto la Mtwara linapanda, pesa ya minada ya korosho inaingia mikononi mwa watu, na kila mwenye friji bovu anakumbuka kulitengeneza. Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, karakana za friji hupoa na viyoyozi vingi huzimwa. Kalenda zenu mbili hazigombani kama mnavyodhani. Kwenye salfa peleka mwili wako, kwenye kuokota peleka malipo ya vibarua.

Pesa nayo ifuate mwendo huohuo. Novemba na Desemba nyumbani kuna pesa ya korosho. Ukituma wakati huo itaishia kwenye ngoma na sare, na hakuna atakayeikumbuka. Kipindi kigumu ni Januari hadi Aprili: mahitaji ya shule, chakula cha zamani kimeisha, kipya bado kiko shambani. Na hiyo kwako bado ni miezi ya joto, miezi ya kazi. Tuma hapo. Ili upate kiwango, chukua miezi mitatu uliyopata kidogo zaidi, tafuta wastani, kisha toa asilimia 10 hadi 15 ya wastani huo kwa tarehe ile ile kila mwezi. Kiasi kidogo kisichokosa tarehe huwatuliza wazee kuliko kikubwa cha kushtukiza, maana kinachowatisha kuhusu ufundi ni kutotabirika.

Hapa mafundi vijana wengi huanguka. Mteja akikupa 150,000, na kompresa na gesi vinagharimu 110,000, kipato chako ni 40,000 kabla ya nauli na pango. Hizo namba ni za mfano, weka zako. Simu ya msiba ikija usiku, ile 150,000 inaonekana kama yako yote. Unatuma, halafu kesho huna kompresa wala mteja, na jina lako linaharibika mjini. Pesa ya vipuri ikae kwenye laini nyingine ya simu au akaunti nyingine, na nyumbani wajue ile namba moja tu unayotumia kwa matumizi yako.

Mazungumzo yenyewe usiyapeleke kwa baba peke yake. Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wayao, Wamakua na Wamwera, mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake, na huyu ametoa miti. Mwambie mama kwanza, naye akufungulie njia kwa kaka yake. Nenda mwezi Mei, kabla ya salfa, si wakati wa mnada wala wa ngoma. Shikamoo ikishaitikiwa, anza na deni lake: kiasi, tarehe unayolenga kukomboa, akiba iliyopo mpaka siku hiyo. Halafu zile alfajiri 10. Ufundi uutaje mwisho, kama chanzo cha pesa yote uliyokwisha kuitaja. Ongeza pia jambo ambalo wewe uliyesoma unaliweza hata ukiwa Mtwara: kuhakikisha taarifa za mkulima zimesajiliwa sawasawa ili pembejeo za ruzuku zisipotee, kutunza stakabadhi za mzani, na kulinganisha kilo zilizopokelewa na malipo yaliyoingia benki. Familia nyingi hupoteza pesa hapo kwa kukosa mtu wa kusoma karatasi.

Cheti cha ualimu usikitupe. Endelea kuomba nafasi zinapotangazwa, ila jiamulie mapema utafanya nini ukiitwa, kwa sababu barua ya ajira ikishafika ukoo mzima utakuwa umeamua kwa niaba yako. Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii: ualimu wa ufundi stadi. Morogoro kuna chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kinachoandaa walimu wa ufundi, lakini utahitaji fani yenye cheti. Nenda VETA Mtwara uulize kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Kama fani ya majokofu haipimwi Mtwara, uliza Lindi na vituo vingine kabla ya kukata tamaa.

Kuhusu zana, usikimbilie kukodi fremu. Endelea kwa fundi wako na ununue kwa mpangilio huu: klempu mita (kipimo cha umeme), kikata bomba na zana ya kupanua shaba, geji za gesi, mizani inayosoma gramu, kisha pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mfumo. Mizani si anasa. Friji nyingi mpya za nyumbani hutumia R600a, gesi inayowaka, na huchukua gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100. Ukikadiria kwa mkono utazidisha. Bomba la friji kama hilo hukatwa kwa kikata bomba, haliguswi na moto gesi ikiwamo. Pampu nayo mafundi wengi wa mtaani huiruka, wanasukuma hewa nje kwa gesi yenyewe. Unyevu unabaki, unaganda kwenye bomba jembamba la kapilari, na mteja anarudi baada ya wiki mbili akisema friji inapoza na kuacha.

Ukiunganisha ratiba zako mbili, zingatia hili: siku mbili kabla ya safari ya Tandahimba usifungue mfumo wa friji usioweza kuumaliza. Mafuta ya kompresa, hasa kwenye friji za R134a, hunyonya unyevu wa hewa ya pwani mfumo ukiachwa wazi. Siku hizo badilisha themostati, rilei, mpira wa mlango. Kazi za gesi mpe mteja tarehe ya baada ya salfa, na umwambie sababu.