Ananijua kwa Sauti, Usoni Ananipita

MASWALI YA WASOMAJI

Mwanangu ana miaka 6 na ana usonji. Nikienda kumchukua shuleni nikiwa nimesuka mtindo mpya, ananipita kama hanijui. Juzi alimshika mkono mama mwingine aliyevaa gauni la rangi kama langu. Nikimwita tu, anageuka na kunirukia. Mwalimu wake anashauri tuwe tunamshika kidevu mpaka atutazame machoni. Je, ni kweli kwamba hajali watu? — Mama wa mtoto mmoja

Mama, asiyejali watu hamrukii mtu kwa kusikia sauti yake. Mwanao anakujua sana, ila uso haumsaidii kukujua. Anashika nywele, gauni, mwendo na sauti. Kimojawapo kikibadilika, anakupoteza.

Habari ya kidevu iacheni kabisa. Wapo watu wazima wenye usonji wanaoeleza kwamba kutazamana macho kwa lazima kunawatesa, na wakati wanahangaika kustahimili, hakuna kingine kinachoingia kichwani. Mtoto anayeshikwa kidevu anajifunza kuukwepa uso wa mtu zaidi. Ukitaka autazame wako, chuchumaa uwe usawa wake, kaa upande kidogo, kisha sogeza kitu anachokipenda karibu na shavu lako huku ukikitaja. Akitupa jicho hata mara moja, mpe papo hapo.

Kabla ya mazoezi yoyote, jua kinachokwama ni kipi. Kutambua sura ni kazi kadhaa: kutofautisha uso huu na ule, kuuweka akilini, kisha kukumbuka ni wa nani. Mwaka 2012 watafiti Weigelt, Koldewyn na Kanwisher walipitia tafiti nyingi na kuona kwamba, kwa jumla, wenye usonji huushughulikia uso kwa namna ileile ya watu wengine. Ugumu hujitokeza zaidi pale uso unapoondolewa na mtu kutakiwa aukumbuke, hata kwa muda mfupi. Ndiyo maana vipimo vya nyumbani hudanganya. Mtoto anawekewa picha mezani, anazilinganisha vizuri, basi wazazi wanasema hana tatizo.

Pima hivi. Tafuta picha za watu 4 anaowaona kila siku na 4 asiowajua, wa umri na jinsia zinazolingana. Zikate zibaki kuanzia nyusi hadi kidevu, nywele na masikio yatoke, zote ziwe za ukubwa mmoja. Anza na vikombe au viatu ili ujue ameelewa mchezo. Mtoto asiyeelewa anachoulizwa huonekana kama asiyetambua. Kisha weka picha 2 tofauti za mtu mmoja na 1 ya mtu mwingine, aonyeshe kwa kidole zipi ni za mtu yuleyule. Siku nyingine mwonyeshe uso mmoja kwa sekunde 5, ufiche, hesabu kimoyomoyo hadi 10, halafu mpe picha nyingine ya mtu huyo pamoja na ya mgeni, achague. Rudia mara kadhaa, maana akichagua mara moja anaweza kubahatisha. Akifaulu kwanza na kushindwa pili, shida iko kwenye kumbukumbu. Akishindwa hata kulinganisha, nendeni kwa daktari wa macho kabla hamjausingizia usonji.

Kufundisha nako kuna mtego wake. Ukitumia picha moja, atajifunza picha: ile kona iliyokunjika, ule ukuta wa bluu nyuma yako. Kwa kila mtu tumia picha 5 au 6 za pembe, mwanga na nguo tofauti, kwa dakika 5 hadi 10, mara kwa mara. Mwelekeze kwenye alama isiyobadilika, kama nyusi zilizokutana au baka la kuzaliwa. (Mwanya ni mzuri, lakini mpaka ucheke.) Na siku ya kusuka, akae nawe akitazama tangu msuko wa kwanza.

Usalama haungoji mazoezi. Mtoto anayefuata gauni ataondoka na yeyote aliyelivaa. Chagueni mahali pamoja pa kukutania, anayemchukua aseme jina lake kabla ya kumgusa, na shule isimtoe mpaka mtu mzima amhakiki mchukuaji.

Mtoto wetu wa wiki 3 alinikodolea macho kama mgeni nilipovaa kofia. Ni dalili ya usonji? — Baba mpya

Hapana, Baba. Katika umri huo anaona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, na anachokishika zaidi ni mzingo wa kichwa na mstari wa nywele. Mwaka 1995 mtafiti Pascalis na wenzake waliwapima watoto wa siku chache tu: walimtofautisha mama na mwanamke mwingine, lakini wanawake wote wawili walipofungwa kitambaa kichwani, tofauti ikapotea. Vaa kofia yako, sema naye akiwa karibu.

Cha kuangalia ni mboni. Ikionekana nyeupe au ya kijivu, mpeleke hospitali bila kungoja. Watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho (ukungu unaoweza kuifanya mboni ionekane hivyo) na kutibiwa baada ya miezi kadhaa walipimwa miaka mingi baadaye, wakakutwa bado wanashindwa kuona tofauti ndogo za nafasi kati ya macho, pua na mdomo.

Je, kila asiyekumbuka sura ana usonji? — Msomaji

La. Hali ya kutotambua nyuso ilipewa jina la prosopagnosia na daktari Joachim Bodamer mwaka 1947, kwa wagonjwa walioumia ubongo. Wengine huzaliwa nayo na usonji hawana. Na wapo wenye usonji wasiosahau sura hata moja.

Mwanafunzi wangu wa miaka 9 mwenye usonji anawajua wenzake wote, ila hatambui mwenzake akikasirika. Nimebandika vibonzo vya nyuso ukutani, wapi! — Mwalimu

Mwalimu, kumjua mtu na kujua amekasirika ni kazi mbili. Kibonzo cha hasira kina nyusi za mshazari na meno nje. Hasira ya darasani ni midomo iliyobanwa kidogo, kisha imepita. Mfundishe kuuliza kilichotokea kabla: nani kanyang'anywa kalamu? Wenzake nao waseme kwa maneno, "Nimekasirika, acha." Kama hata hasira yake mwenyewe hawezi kuitaja, anzia mwilini: ngumi imekaza, moyo unakwenda mbio, masikio yamepata joto. Mtajieni hali hizo zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, zikishapanda, hakusikii.