Chura mwenye kasoro ya mguu: jua au mnyoo?

SWALI: Mwaka 1995 wanafunzi wa Minnesota, Marekani, walikuta vyura wengi wenye miguu iliyoharibika. Mwenzangu anasema ni mionzi ya jua, mimi nasema ni minyoo. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro

JIBU: Kabla ya kubishana, hesabuni vidole. Mguu wa nyuma wa chura una vidole 5, wa mbele 4.

Mionzi ya urujuanimno aina ya B (nanomita 280 hadi 315) hupunguza vidole au miguu, haiongezi. Huko huko Minnesota, mjini Duluth, watafiti walilea viluwiluwi kwenye jua kamili. Wengi walikosa vidole au kipande cha mguu wa nyuma, tena mara nyingi kulia na kushoto sawia. Hatari iko pale mguu ungali kijipele kwenye shina la mkia: kiko nje, ngozi yake nyembamba mno, seli zinagawanyika kwa kasi. Mguu wa mbele hukua umefichwa chini ya kifuniko cha matamvua.

Ukiona mguu wa ziada, mshuku mnyoo Ribeiroia ondatrae. Mabuu yake hutoka ndani ya konokono, hujichimbia penye kijipele na kuvuruga mpangilio wa seli. Jambo hili lilithibitishwa maabarani mwaka 1999. Hapo kasoro za kulia na kushoto mara nyingi hazifanani.

Mwenzako ana hoja, ila bwawani hoja hiyo hupungua nguvu. Maji yenye rangi ya chai, ya majani yaliyooza, hunyonya mionzi hiyo ndani ya sentimita chache tu.

Mkisoma majaribio ya namna hii, angalieni kivuli. Beseni lililofunikwa likilinganishwa na lililo wazi, maji yake huwa baridi zaidi na viluwiluwi huchelewa kukua. Tofauti inayoonekana huenda ikawa ya joto, si ya mionzi. Jaribio zuri hufunika yote mawili: moja kwa karatasi angavu ya poliesta inayozuia mionzi B, jingine kwa ya asetati ya selulosi inayoipitisha, na joto hupimwa kote.

Eksirei, ambayo nayo ni mionzi, ni habari nyingine, maana hupenya hadi ndani. Mguu wa salamanda (amfibia mwenye mkia, ambaye mguu wake ukikatwa huota tena) uliopigwa dozi kubwa ya eksirei, kama grei 20 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), huonekana mzima kabisa. Ukikatwa ndipo madhara hujitokeza: hauoti tena, kwa kuwa seli zake haziwezi kugawanyika ipasavyo. Mguu wa pili wa salamanda huyo huyo, uliokingwa kwa bamba la madini ya risasi, ukikatwa huota kama kawaida.