Doctor Who na familia: msianzie 1963

Ndugu, umesema mlianza Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza kuhusu Daktari, msafiri wa wakati na anga, na vipindi vyake vya 1963 ili mfuate mpangilio, mkeo akasinzia na mtoto wa miaka 7 akaondoka zake. Usikate tamaa. Mwendo wa zamani ni wa polepole, hadithi moja hukatwa vipande vya dakika 25 hivi, na baadhi ya vipindi vya miaka ya 1960 vilifutwa.

Anzeni na kipindi cha "Rose" cha 2005. Rose, msichana anayekuja kuwa mwenzake wa safari, mwanzoni hamjui Daktari, kwa hiyo wageni wanajifunza pamoja naye. Wasipovutiwa, rukeni hadi "The Eleventh Hour" ya 2010: Daktari mpya, wenzake wapya.

Wengi watakushauri "Blink" ya 2007. Ni kipindi kizuri mno, ila Daktari haonekani sana, na sanamu zake za kutisha, zinazosogea usipozitazama, zinaweza kumnyima mdogo usingizi. Kitazame peke yako kwanza.

Kipindi kimoja kwa usiku kinatosha. Usisimamishe video kila dakika kueleza, subiri waulize. Isipokuwa hili, waambie mapema: Daktari anapokaribia kufa hubadilika mwili na sura. Asipojua, mtoto atafika mwisho wa msimu wa 2005 akidhani amempoteza kabisa.